Mwili Katika Matawi Sita

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye hati ya mshahara. Kwingine kote, kuanzia kwa mlinzi wa lango hadi kwa wakutubi wa matawi kumi na tisa ya mkoa mzima, aliitwa Kiko Njiani. Ukimpigia simu kuulizia kitabu, hata hujamaliza kutaja kichwa chake, alikujibu, "Kiko njiani," kisha akakata. Na cha kuudhi ni kwamba mara nyingi alikuwa anasema kweli.

Kazi yake ilikuwa kuratibu safari za vitabu. Tawi moja lina kitabu, msomaji yuko tawi jingine. Lazima awepo mtu wa kujua kitabu kipi kitoke wapi, kiingie kreti gani, kipakiwe siku ipi, na gari lipitie wapi kwanza lisije likarudia njia. Mtu huyo alikuwa yeye. Ofisi yake ilikuwa chumba cha chini kabisa cha maktaba kuu, ukuta mmoja na vyoo, chenye meza ya chuma, kompyuta yenye feni inayokohoa, ramani ya mkoa iliyochomwa pini za rangi, na kreti za plastiki za buluu zilizopangwa hadi karibu na dari. Gari lilikuwa moja, jeupe, lenye mlango wa nyuma unaofungwa kwa kamba. Dereva naye alikuwa mmoja, na Kiko Njiani alimwita Injinia kwa kejeli, maana kila gari likizimika Dereva alifungua boneti, akalitazama kwa uchungu, akaifunga tena.

Alidharau karibu kila mtu, na hilo hakulificha. Mkutubi wa Viwandani alipanga vitabu kwenye kreti kana kwamba anamwaga viazi. Wa Stesheni alijaza hati za safari kwa penseli, tena penseli butu. Wa Sokoni hakufungua kreti mpaka apigiwe simu mara mbili, na ukipiga ya tatu, amekwenda kunywa chai. Wasomaji ndio aliowabeza zaidi, kwa sababu wanaomba kitabu leo na keshokutwa wameshasahau kwamba walikiomba. Yeye mwenyewe alikuwa hajamaliza kusoma kitabu hata kimoja tangu aajiriwe, miaka ishirini na miwili, na hilo halikumsumbua hata chembe. Kuvisafirisha kulimtosha.

Nyumbani hakuwa na wa kumbeza hivyo. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali, na watoto wao walishaoa na kuolewa. Chumba cha nyuma alikaa mdogo wa mkewe, ambaye mtaani walimwita Operata, kwa sababu ndiye aliyepokea simu katika hospitali ya mkoa. Alikuwa haoni tangu akiwa na umri wa miaka sita. Alijua namba za ndani za hospitali nzima kwa kichwa, mia mbili na kumi na mbili, na aliweza kukwambia daktari gani amekasirika kwa kusikia tu anavyonyanyua mkono wa simu.

Operata alichoka kuwaunganisha watu na wengine. Alitaka kuwa tabibu wa viungo, wale wanaomrudishia mgonjwa goti au bega lake kwa mikono, na chuo cha kazi hiyo kilipokea wasioona kwa moyo mweupe. Sharti lilikuwa mtihani wa kuingilia juu ya mwili wa binadamu, wenye sehemu ya kuandika na sehemu ya mdomo, na umri usiozidi miaka thelathini na mitano siku ya mtihani. Operata angetimiza thelathini na sita wiki mbili baada ya mtihani wa mwaka huu. Kwa hiyo ilikuwa mwaka huu au basi.

Maktaba ya mkoa ilikuwa na kitabu alichokihitaji, kwa nukta nundu, maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole. Asiyejua maandishi hayo hajui yanavyokula nafasi. Kitabu cha wino kinachoingia kwenye mkoba, kwa nukta nundu kinageuka kuwa majalada sita, kila moja unene wa tofali. Na hicho kilikuwa hivyo: kitabu kimoja, juzuu sita.

Sasa aje Mkatalogi, bwana mwenye tai ndefu kuliko uzoefu wake. Boksi lilipofika alilifungua akakuta majalada sita yanayofanana, yote yana kichwa kimoja kwa wino juu ya jalada, na mgongoni namba, moja hadi sita. Akafungua moja, akaona hakuna herufi anayoijua, akalifunga. Akaandika kwenye mfumo: nakala sita. Hakuuliza mtu. Kuuliza, kwa maoni yake, ni kazi ya watu wasio na tai.

Juu yake alikaa Mkurugenzi, ambaye alihamia maktaba akitokea idara ya kugawa mbolea. Huko alijizolea sifa kwa kuhakikisha kila kata inapata mifuko sawasawa, na hakuona sababu ya kubadili mtindo. Alitangaza mpango ulioitwa Haki kwa Kila Tawi: kitabu chochote chenye nakala zaidi ya moja kigawanywe, tawi lisilonacho lipate. Mfuko ni mfuko. Mpango ukaufikia mwili wa binadamu. Mifupa ikaenda Kilimani. Misuli, Viwandani. Moyo na mapafu, Stesheni. Tumbo likabaki maktaba kuu. Ubongo na mishipa ya fahamu vikapelekwa Sokoni, na ngozi, macho, masikio pamoja na maswali ya majaribio vikaangukia tawi la Chuo cha Ualimu. Aliyepakia kreti hizo, akazipangia njia na kutia tiki, ni Kiko Njiani, na alijisifu kwamba hakuna hata moja iliyochelewa.

Operata alipoomba kitabu, alipewa kilichokuwa karibu. Shemeji yake alikileta nyumbani mwenyewe na kukibwaga mezani kwa majivuno. Jioni ya pili, wakiwa wanakula, Operata akasema, "Shemeji, kitabu ulichoniletea kimeanza katikati."

"Katikati ya nini?"

"Ya sentensi. Ukurasa wa kwanza unaanza, 'na kutoka hapo chakula huingia kwenye utumbo mwembamba.' Kutoka wapi?"

"Labda ndivyo mwandishi alivyopenda. Waandishi wana mambo yao."

"Hiki cha shule, shemeji."

"Kitabu ni kitabu. Wewe soma, usianze kutafuta visingizio mapema hivi."

Akasoma, afanyeje. Akalijua tumbo barabara, figo akazijua, ini akalijua, ila hakujua linakaa chini ya mbavu gani kwa sababu mbavu zilikuwa Kilimani. Baada ya wiki tatu akaomba nakala nyingine, labda ile ya kwanza iliharibika kiwandani. Kiko Njiani alinung'unika siku mbili, kisha akaagiza kutoka Chuo cha Ualimu. Operata alipopitisha vidole alikuta ngozi, macho, masikio, halafu maswali, halafu orodha ya maneno, halafu basi.

"Hiki ni mwisho wa kitabu," alimwambia. "Na kile ni katikati. Nafikiri ni kitabu kimoja, wamekitawanya."

"Kwenye mfumo ziliingia nakala sita. Mfumo haukosei, shemeji. Wanaokosea ni watu."

"Na aliyeujaza mfumo ni nani?"

Swali hilo Kiko Njiani hakulipenda. Akasema amechoka, akaenda kuoga.

Mara ya tatu Operata alimpigia kazini, kwa ile sauti yake ya hospitali, ili asiseme ni mambo ya nyumbani. "Naomba kama msomaji," alisema. "Dada ameangalia mgongoni mwa hivi vitabu. Kimoja kina namba nne, kingine sita. Naomba uhakikishe maana yake."

"Namba za nakala hizo."

"Una uhakika?"

"Niko hapa miaka ishirini na miwili, shemeji. Kuna wasomaji wana shida za kweli wananisubiri kwenye simu." Na akakata, kama anavyowakatia wengine. Hakukuwa na mtu kwenye simu. Kulikuwa na kikombe cha chai na Dereva aliyesinzia juu ya kreti. Kazi nzima ya mtu huyu ilikuwa kujua kitu gani kiko wapi, na alipoambiwa waziwazi na mtu aliyekishika kwa vidole vyake kwamba kimetawanywa, alimwona msumbufu.

Aliyekata mzizi wa fitina ni mkewe, na hakuhitaji shahada. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, zimebaki siku tisa kufika mtihani. Fundi aliondoa nguo za wateja juu ya meza ya kukatia, akaweka yale majalada mawili ubavu kwa ubavu, akayafungua ukurasa wa kwanza.

"Baba watoto, njoo hapa."

"Nina kazi."

"Njoo." Akaweka rula chini ya mstari wa kwanza wa kila kitabu. "Mimi nikikata magauni mawili kwa kipimo kimoja, yanatoka mawili sawa. Hivi umesema ni nakala mbili za kitabu kimoja. Hesabu hivi vinundu. Huku vingapi? Na huku?"

Akahesabu. Akahesabu tena, mara hii akitumia kidole. Mstari wa kwanza haukulingana, wa pili haukulingana, na mstari wa tatu ukurasa mmoja ulikuwa nao mrefu, mwingine uliishia njiani.

"Labda," alisema.

"Labda nini?" aliuliza mkewe.

Alikalia rundo la vitambaa vya watu na kuanza kuona, moja baada ya nyingine, zile kreti tano zikiondoka kwenda pande tano, na mkono wake ukitia tiki. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumtoa mtu jasho shingoni. Chumba cha nyuma Operata alikuwa anasema kwa sauti ya chini majina ya sehemu za sikio.

Jumatatu hakumtuma Dereva, alipanda gari mwenyewe. Na kwa kuwa dharau ilikuwa ndiyo lugha yake, alikwenda nayo, na matawi yakampa chakula cha kuilisha. Viwandani misuli ya binadamu ilikuwa sakafuni, imezuia mlango wa stoo usijifunge. Mkutubi alieleza kwamba ni kitabu kizito, kinafaa. Stesheni moyo na mapafu vilikuwa ndani ya kabati la vioo lenye kufuli, na mbele yake kibao kilichoandikwa kwa rangi nzuri: Kitabu cha Wasioona, Tafadhali Usiguse. Mwenye ufunguo alikuwa likizo. Kiko Njiani alikitazama kibao hicho kwa muda, akauliza huyo asiyeona atakisoma kwa kitu gani kama haruhusiwi kukigusa. Mkutubi alisema hajawahi kulifikiria hilo, na ilionekana wazi kwamba hajawahi. Dereva ndiye aliyelifungua kabati kwa bisibisi, na kwa mara ya kwanza akastahili jina lake. Sokoni ubongo ulikuwa bado kwenye kreti chini ya ngazi, haujafunguliwa miezi mitano, na Dereva alisema kwa tawi lile hiyo ni kawaida.

Jumanne jioni Operata alikuwa na juzuu tano kitandani. Alizipapasa zote, akazipanga kwa mfuatano, akasema, "Imebaki mifupa. Nipe mifupa, mengine nitayashona mwenyewe." Alilala kidogo sana wiki ile, na alicheka mara nyingi kuliko kawaida.

Kilimani lilikuwa tawi pekee ambalo Kiko Njiani aliliheshimu. Mkutubi wake, mama nadhifu aliyeitwa Mwalimu kwa kuwa aliwahi kufundisha, alijaza hati kwa kalamu, kwa mwandiko wa kusomeka, na kreti zake zilifika zimefungwa vizuri. Jumatano saa nne asubuhi Kiko Njiani aliingia na kreti tupu mkononi, akaiweka sakafuni, akapewa kiti.

"Nimefuata kitabu cha nukta nundu, Mwalimu. Namba moja."

"Kile tulikifuta, mzee. Mwezi wa tatu."

"Mlikifuta vipi?"

Mwalimu akavuta faili bila kutafuta, kwa sababu faili zake hazitafutwi. Fomu ya kufuta kitabu ilikuwa imejazwa kila mstari. Sababu: hakijaazimwa na mtu, tawi halina msomaji asiyeona, na mfumo unaonyesha zipo nakala nyingine tano. Mwombaji: Kilimani. Aliyeidhinisha: mratibu wa usafirishaji. Na chini yake sahihi yenye mkia mrefu ambayo hakuna mtu mkoani aliyeweza kuiiga.

"Ulizisaini arobaini kwa pamoja siku ile," alisema Mwalimu, bila ubaya. "Ulikuwa umesimama mlangoni."

"Sawa. Kitabu chenyewe kiko wapi?"

Mwalimu akatazama kreti iliyokuwa miguuni pake. "Si hizo lebo? Karatasi ilikuwa ngumu, nikaona ni dhambi kuitupa. Mkurugenzi alisema kila tawi lijitegemee kwa vifaa. Ulisema mwenyewe hujawahi kuona lebo imara kama za kwetu."

Kiko Njiani akainama. Lebo ilining'inia kwa uzi kwenye mpini wa kreti, karatasi nene ya rangi ya maziwa, imekatwa kwa rula na kutobolewa tundu safi. Juu yake, kwa wino mnene, kwa mkono wake mwenyewe, ilikuwa imeandikwa KILIMANI KWENDA MAKTABA KUU. Chini ya wino huo, mstari kwa mstari, vilikuwapo vinundu. Alivijua vinundu hivyo. Alikuwa akivishika miezi minne. Alishawahi kumweleza Dereva, kwa ule uhakika wake, kwamba vimewekwa ili lebo isiteleze mkononi.

Hakuwa na wa kumdharau chumbani humo. Mwalimu alikuwa amefuata kila kanuni, na kila kanuni ilikuwa na sahihi ya Kiko Njiani. Alimshukuru, akaifungua lebo ile kwenye mpini, akaitia mfuko wa shati.

Siku ile na nusu ya siku iliyofuata alizunguka kukusanya mifupa. Alizifungua lebo kwenye kreti zilizokuwa ofisini, akapiga simu matawi yote kumi na tisa, na safari hii hakukata yeye kwanza. Aliinamia mapipa ya taka ya ofisi tatu mbele ya watu aliowahi kuwaita viazi. Dereva alitoa mbili alizokuwa akifutia kioo cha gari. Mwalimu alikuwa amekata kila ukurasa vipande vinne, na kurasa zilikuwa zaidi ya mia. Alizopata jumla ni hamsini na saba.

Operata alizipanga kwenye meza ya kukatia nguo, dada yake akimsogezea. Alisoma kila kipande kwa kidole cha shahada, taratibu, akikiweka mahali pake.

"Hili fuvu," alisema. "Hili nalo fuvu, ila limeishia kwenye taya. Huu uti wa mgongo, pingili ya tatu mpaka ya tano. Hapa wameandika juu yake kwa wino mzito, vinundu vimelala, sisomi kitu. Hili goti, nusu."

"Mikono je?" aliuliza Kiko Njiani.

Akapitia tena vile vilivyobaki, akafika mwisho, akavisukuma pembeni.

"Mikono haipo."

Mtu aliyetaka kuwatibu watu kwa mikono alikuwa amekaa mbele ya shemeji yake, siku nne kabla ya mtihani, bila mfupa hata mmoja wa mkono wa kuusoma. Mkewe aliinuka akaenda kusimama dirishani.

Operata hakulia. Alifanya anachokijua, alishika simu. Akapita kwa mpokezi wa chuo, mwenzake wa kazi, akaunganishwa kwa katibu wa mitihani, akaeleza kwa dakika tatu bila kumlaumu mtu. Katibu alikuwa mtu muelewa. Alisema kuna mtihani wa awamu ya pili baada ya miezi mitatu, na umri wake unaweza kuhesabiwa kwa tarehe ya awamu hii. Kiwanda cha nukta nundu kingeweza kuchapa juzuu ya kwanza upya ndani ya miezi miwili. Lakini chuo kinataka barua kutoka maktaba, yenye nembo na sahihi, inayoeleza ni nini kimetokea na ni nani anayehusika. Iwe mezani kabla ya Jumatatu saa mbili. Isipofika, atahesabiwa hakutokea, na umri utakuwa umempita.

Alhamisi alasiri Kiko Njiani alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kwa Mkurugenzi. Mkatalogi aliitwa naye. Alisikiliza, akarekebisha tai, akasema tatizo lilishajirekebisha lenyewe, kwa kuwa Kilimani walipofuta ile moja mfumo sasa unasoma nakala tano. Mkurugenzi akamsifu kwa ufuatiliaji.

"Bosi, ni kitabu kimoja," alisema Kiko Njiani. "Tumekigawa kama mbolea."

"Kwenye ripoti yangu ya mwaka nakala sita zimefikia matawi sita," alisema Mkurugenzi. "Leo niandike kwamba ni kitabu kimoja, haki ya matawi matano naiweka wapi? Huyo dada ana sehemu ngapi?"

"Tano."

"Tano kati ya sita. Huo ni ufaulu mzuri sana. Mwambie akafanye mtihani." Kisha akainama kwenye makaratasi yake, na bila kuinua kichwa akaongeza, "Mimi barua hiyo sisaini. Ukisaini wewe, utakuwa umejishtaki kwa maandishi, na mimi nitalazimika kuchukua hatua. Kazi ya kaunta pale Sokoni haina mtu tangu mwaka jana."

Kiko Njiani aliteremka ngazi akiwa amekasirika kwelikweli, na hasira hiyo ilimfariji. Angalau alikuwa amepata watu wawili walio wajinga kuliko yeye. Ofisini aliketi na karatasi yenye nembo, akaandika barua kwa kasi, na Ijumaa alirudi nyumbani mapema, saa nane mchana, aisome kwa shemeji yake kabla ya kuipeleka. Operata alikuwa mezani, mikono imetulia. Dada yake alikuwa anashona kola.

Akasoma. Barua ilisema kwamba kutokana na changamoto za mfumo mpya wa katalogi, kitabu husika kilipata hitilafu ya usambazaji, na maktaba inasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.

"Umemaliza?" aliuliza Operata.

"Nimemaliza."

"Wewe uko wapi humo?"

"Mimi ndiye ninayesaini."

"Katibu anataka kujua nani anahusika. Humo hamna mtu. Kuna mfumo na usumbufu."

Akachukua karatasi nyingine yenye nembo. Mara hii alimwaga kila kitu: Mkatalogi aliyehesabu juzuu kama nakala bila kuuliza, Mkurugenzi aliyezigawa, Kilimani waliokata kurasa. Aliandika kwa raha, kalamu ilikimbia, na aliposoma sauti yake ilikuwa na ile ladha yake ya kila siku.

"Hao nimewasikia," alisema Operata. "Wewe?"

Cherehani ilinyamaza. Kiko Njiani alitazama ukuta, akatazama kalamu. Alifikiria kaunta ya Sokoni, na yule mkutubi wa chai, na jinsi watakavyomcheka. Kisha akaandika sentensi moja, polepole kuliko alivyowahi kuandika kitu chochote, akaisoma: mimi ndiye niliyeidhinisha kufutwa kwa juzuu ya kwanza, bila kuifungua, na mimi ndiye niliyetumia kurasa zake kama lebo za kreti kwa miezi minne.

"Endelea," alisema Operata.

"Na nini tena?"

"Mimi sikukwambia?"

Alimtazama mkewe. Mkewe hakugeuka.

"Uliniambia," alisema Kiko Njiani.

"Mara ngapi?"

"Shemeji, chuo hakihitaji."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Iandike."

Akaiandika, kwa tarakimu na kwa maneno, kama anavyoandika idadi ya vitabu kwenye hati ya safari, kisha akatia sahihi.